Kiatu Kwanza, Soli Baadaye

Baba mmoja, seremala mzaliwa wa Mombasa, alihamia Winnipeg nchini Kanada pamoja na mke wake na mtoto wao wa kiume. Mtoto alipofika miaka kumi akataka kucheza hoki ya barafuni kama wenzake wa darasani. Baba hakupinga, na alifanya vyema kutopinga. Katika mji ule, ambako usiku wa Januari baridi hushuka nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, viwanja vya barafu viko mitaani nje ya kumbi za jamii, na mtoto asiyejua kuteleza hukaa pembeni akiwatazama wenzake msimu mzima. Kosa lilitokea siku ya kununua viatu.

Waliingia duka la vifaa vya mtumba. Mtoto alikuwa akivaa viatu vya shule namba 4; baba akachagua viatu vya barafu namba 5. Hesabu hiyo wazazi wa kwetu wanaijua kwa moyo. Kiatu cha shule kinanunuliwa Januari kikiwa kikubwa, puani kinajazwa karatasi, na ikifika Novemba kinakaa sawasawa. Kwa kiatu cha shule hasara yake ni ndogo, mtoto ataburuta miguu kwa muda halafu atazoea. Kwa kiatu cha barafu hasara ni ya aina nyingine kabisa.

Viatu vya hoki vina namba zake. Kwa kawaida huvaliwa vidogo kuliko vya kutembelea, kwa namba moja hadi moja na nusu. Mtoto yule alistahili kuanza kujaribu namba 3 au 2 na nusu. Namba 5 ilimzidi kwa namba mbili nzima au zaidi, na kila namba moja ni kama milimita 8 za urefu. Ndani ya kiatu basi palibaki nafasi inayokaribia sentimita 2, achilia mbali upana na kina, ambavyo navyo hukua pamoja na urefu. Muuzaji alikuwa kijana wa zamu ya Jumamosi na duka limejaa watu. Akauliza kama vinatosha. Baba akabonyeza pua ya kiatu kwa kidole gumba, akahisi nafasi, akafurahi. "Vinamtosha sana," akasema, akalipa.

Lazima nieleze hapa mchezaji wa hoki anasimama juu ya nini, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Chini ya kiatu kuna bapa la chuma lenye unene wa milimita 3 hivi. Jiwe la kunolea hulichimba mfereji mwembamba katikati kwa urefu wake wote, na pembeni yanabaki makali mawili, ya ndani na ya nje. Mchezaji hapigi hatua kama mtu anayetembea. Anaegemea upande, anasukuma kwa makali ya ndani, anakata kona akitumia makali ya ndani ya mguu mmoja na ya nje ya mguu wa pili, anafunga breki kwa kugeuza miguu yote miwili kwa mkupuo. Nguvu inatoka nyongani, inapita gotini, inapita kwenye kifundo, inafika kwenye chuma. Kiatu kikiushika mguu barabara, kifundo kikiinama kidogo na chuma kinainama kiasi hichohicho, saa ileile. Kiatu kikiwa kipana, mguu unazunguka ndani kwanza, chuma kinafuata baadaye, na mtoto anahisi kwamba barafu inamkataa.

Basi vifundo vya mtoto vikaanza kulala kwa ndani. Alipokuwa akiteleza, magoti yake yaligusana na viatu vikatanuka kwenda nje. Kocha, mzazi wa kujitolea mwenye watoto kumi na watano wa kuwaangalia, akasema vifundo vyake ni dhaifu, vitakomaa. Kauli hiyo husemwa mno kwenye viwanja vya barafu, na mara nyingi ni ya uongo ingawa msemaji hana nia mbaya. Mtoto anayekimbia uani siku nzima, anayeruka kamba na kupanda miti, vifundo vyake vina kasoro gani? Kilicholegea ni kiatu.

Usiku ule nyumbani mtoto akasema, "Baba, nyayo zinaniuma."

"Wapi?"

"Hapa katikati. Zinakaza kama zinataka kupasuka."

"Vumilia, mwanangu. Kila mchezo una maumivu yake."

Nataka kusimama hapa kidogo, kwa sababu naamini hapa ndipo baba alipokosea zaidi kuliko pale dukani. Uvumilivu ni sifa njema mbele ya uchovu, mbele ya baridi, mbele ya kufungwa mabao manane kwa bila. Lakini maumivu ya mtoto aliyevaa kiatu ambacho hakukizoea ni taarifa, na taarifa inasikilizwa kabla ya kuamuliwa. Mtoto yule alikuwa ametaja mahali na ametaja namna. Katikati ya unyayo, maumivu ya kukaza. Mtu mwenye ujuzi angesikia maneno hayo mawili akaelewa mengi. Mguu unaoelea ndani ya kiatu kikubwa hujaribu kujishikilia wenyewe. Vidole hujikunja kung'ang'ania sakafu ya kiatu, misuli midogo ya unyayo inafanya kazi bila kupumzika, na baada ya dakika ishirini inashikwa na mkazo. Dawa ya maumivu hayo ni kiatu kinachoushika mguu, ili vidole viachilie.

Baba alitafuta dawa kwingine. Kwanza alikaza kamba. Alizivuta mpaka vidole vyake yeye, vigumu kwa kushika randa na patasi, vikaacha alama nyekundu. Kamba zilizokazwa hivyo zilibana mguu juu, lakini hazikuweza kupunguza urefu wa kiatu wala kukijaza kisigino. Kisha akasoma kuhusu tao la unyayo. Akamwambia mtoto alowanishe miguu bafuni na kukanyaga saruji ya ghala la chini ya nyumba. Alama zikatoka pana, karibu unyayo mzima, bila ule mkato wa ndani. "Ana unyayo bapa," baba akasema, kama mtu aliyepata ufunguo.

Unyayo bapa kwa mtoto ni jambo la kawaida sana. Watoto wengi huanza maisha bila tao linaloonekana, nalo hujijenga polepole katika miaka ya utotoni. Wengine hukua na unyayo bapa mpaka uzee bila kuumwa hata siku moja. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo asimame kwa ncha za vidole, mara nyingi tao litajitokeza, maana mguu ni mzima na unanyumbulika. Alama ya maji juu ya saruji inaonyesha umbo la mguu tu. Haionyeshi ugonjwa, wala haielezi kwa nini mguu unauma. Baba alikuwa na jibu la kweli kwa swali ambalo mtoto hakuuliza.

Akaenda kununua soli za ndani.

Nisieleweke vibaya kuhusu soli hizi. Ni kifaa kizuri, na wanaozitengeneza wamefikiri. Soli inayokuja na viatu vingi vya hoki, hasa vya bei ya chini na ya kati, ni kipande cha povu chembamba na tambarare ambacho hakishiki chochote. Soli za kubadilisha zimejengwa kwa namna tofauti. Kati ya kampuni zinazoziuza, Superfeet wana za hoki zenye kikombe kigumu cha kisigino. CCM wameziuza kwa urefu wa tao, la chini, la kati na la juu. Bauer wana aina inayopashwa moto ikachukua umbo la mguu wa mwenyewe. Kazi yake kubwa haiko kwenye tao kama wengi wanavyodhani, iko nyuma. Kikombe kigumu hukishika kisigino kisilale upande, na kile kinyama laini kilicho chini ya mfupa wa kisigino kinakusanywa mahali pamoja badala ya kutapakaa. Kisigino kikisimama wima, tao la unyayo nalo linapungukiwa na mzigo. Ndiyo maana soli nzuri ya hoki ni ngumu mkononi. Mtu akibonyeza dukani anataka ile laini ya jeli, kwa kuwa inampendeza kidole. Lakini barafuni hakuna kishindo cha kukimbia kinachohitaji kulainishwa, na ulaini ule humeza msukumo kabla haujafika kwenye chuma.

Jozi aliyonunua iligharimu dola 50 hivi. Alichagua ya ukubwa wa kiatu, siyo wa mguu. Maelekezo yaliandikwa nyuma ya boksi kwa herufi ndogo, na jambo la kwanza kati ya yote lilikuwa kutoa soli ya zamani. Hakuitoa. Aliona kiatu bado kina nafasi, akaona haina maana kutupa kitu kizima, akailaza mpya juu ya ile ya povu. Ikaingia vizuri. Kiatu kikajaa.

Mazoezi yaliyofuata mtoto aliteleza vizuri kuliko siku zote.

Hili ndilo ningependa msomaji alishike, maana wengi hudanganyika hapo. Siku ya kwanza ya dawa isiyo sahihi huweza kuwa siku njema kweli. Nafasi ilikuwa imepungua, mguu ukaacha kuelea kwa kiasi, vidole vikapumzika. Baba alisimama nyuma ya kioo cha uwanja akatabasamu, akamwambia mzazi aliyekuwa karibu naye kwamba tatizo lilikuwa tao la unyayo. Alisema kwa uhakika, na yule mzazi pengine alikwenda kununua soli kama hizo kwa ajili ya mtoto wake.

Kilichokuwa kinatendeka ndani ya kiatu ni hiki. Kiatu cha hoki kimechongwa kufuata mguu. Nyuma kuna mfuko wa kisigino, mpana chini na mwembamba juu yake, ili mfupa wa kisigino ukae ndani usitoke. Pembeni kuna vishimo viwili vya kupokea mifupa ya kifundo. Mbele kuna kofia ngumu ya vidole. Kila kitu kimepangwa kwa kimo fulani. Soli mbili zilipokaa moja juu ya nyingine, mguu ukapanda. Kisigino kikatoka kwenye upana wake kikaingia pale panapobana, nacho kikawa kinaruka juu kila mtoto alipoinama. Mifupa ya kifundo ikapita vishimo vyake. Na mbele, juu ya mguu, pale unapokutana na muundi, mguu ukasukumwa dhidi ya ulimi wa kiatu na kamba.

Mahali hapo pana kano inayoinua unyayo. Iko karibu sana na ngozi, haina nyama ya kuikinga. Kamba zikiibana kila siku, na kila hatua ikisuguana nazo, huvimba na kuwaka moto. Wachezaji wa hoki wanalijua jeraha hili kama kung'atwa na kamba, na aliyewahi kulipata hulitambua hata usingizini.

Mtoto hakusema. Alikwisha kusema mara moja akaambiwa avumilie, na baba ametumia dola 50, na baba amewaambia watu. Mtoto wa miaka kumi anazipima hesabu hizo vizuri sana. Alivaa soksi mbili. Kisha akachukua kipande cha sifongo cha jikoni akakichomeka nyuma ya ulimi wa kiatu. Barafuni akaanza kuepuka kugeukia kushoto. Kocha akadhani amepoteza hamu. Baba akadhani ni uvivu, na akalisema hilo ndani ya gari wakirudi nyumbani, kwa sauti ambayo baadaye alitamani irudi kinywani.

Mama ndiye aliyeona. Jioni moja ya Februari mtoto alikuwa kalala kwenye kochi, soksi imeshuka, na juu ya mguu wa kushoto pakawa na mstari mwekundu ulioinuka kama kamba bado imo. Akaugusa kwa kidole na mtoto akaruka. Mama akakaa kimya kidogo, kisha akamwita mumewe.

"Baba watoto, njoo utazame. Huyu umemnunulia kila kitu isipokuwa kiatu chake."

Daktari alisema kano imevimba, apumzike mpaka uvimbe na maumivu viishe kabisa, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, asivae kiatu chochote kinachobana pale. Wiki nne zikapita. Ndizo zilizokuwa na mashindano ya mwisho ya msimu. Timu ikaenda bila yeye.

Kwenye uwanja wao kulikuwa na chumba kidogo cha kunolea viatu, na ndani yake mzee mmoja aliyekuwa akinoa na kurekebisha viatu vya barafu kwa miaka mingi. Baba alimpelekea viatu vile. Mzee hakuuliza bei wala jina la kampuni. Akaingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto, akatoa soli ngumu, akaingiza tena, akatoa soli ya povu iliyolowa na kunuka, kisha akamulika kwa tochi. Vichwa vya ribiti zinazoshikilia bapa la chuma vilikuwa vimeota kutu, kwa sababu unyevu ulinaswa kati ya soli mbili na haukupata pa kutokea.

"Unafanya kazi gani?" mzee akauliza.

"Seremala."

"Meza ikiyumba, unaanza na nini?"

Baba akajibu bila kufikiri: "Naangalia sakafu. Kisha naangalia miguu yote minne kama ina urefu mmoja. Kisha viungo."

"Na kipande cha mbao cha kuchomeka chini?"

Baba hakujibu upesi. Kipande cha kuchomeka ni cha mwisho, baada ya kujua kwa yakini ni mguu upi na kwa milimita ngapi. Wanafunzi wake wa useremala aliwahi kuwakemea kwa kosa hilohilo.

Mzee akamwambia amlete mtoto, na mtoto akaletwa. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha urefu. Soli zote nje, mtoto aingize mguu, asukume vidole mpaka viguse mbele, kisha mzee atie kidole nyuma ya kisigino. Kwa mtoto anayekua, nafasi ya kidole kimoja inavumilika. Kwake viliingia viwili, vikacheza. Akaendelea na kina. Akazirudisha soli zote mbili kama zilivyokuwa, kamba zikalegezwa, ulimi ukavutwa mbele, na penseli ikalazwa kukatiza mguu kwenye jozi ya tatu ya matundu ya kamba kutoka juu. Penseli ikikaa juu ya kingo zote mbili bila kugusa mguu, kina kinatosha. Ile iliegemea mguu ikapanda na kushuka kama mizani. Kiatu kirefu kupita kiasi kilikuwa, kwa sababu ya soli, kimekosa kina. Sijui kama kuna namna iliyo wazi zaidi ya kuonyesha kwamba pesa ya pili haifuti kosa la pesa ya kwanza.

Akageuza kiatu. Akaweka kipimo kidogo cha sumaku juu ya chuma, na hapo kikaonekana kingine ambacho hakuna aliyekishuku. Kwenye kiatu cha kushoto makali ya nje yalikuwa juu kuliko ya ndani. Mnoaji fulani mahali fulani alinoa kwa haraka bila kulinganisha. Makali yasiyolingana humvuta mchezaji upande mmoja hata mguu wake ukiwa hauna kasoro yoyote, na hakuna soli duniani inayorekebisha hilo. Hurekebishwa kwa jiwe, kwa dakika chache na gharama ndogo. Pia akatazama kwa jicho moja kutoka nyuma kama bapa limefungwa katikati ya kisigino. Lilikuwa sawa. Lisingekuwa sawa, mtoto angelala ndani au nje maisha yake yote akiambiwa vifundo vyake ni dhaifu.

Yaliyofuata hayakuwa na maajabu. Walipata viatu vya mtumba namba 3, vyenye upana wa kawaida, vidole vikigusa kofia kidogo mtoto aliposimama wima na kurudi nyuma alipokunja magoti. Vikapashwa moto kwenye tanuri maalumu la dukani, nyuzi 80 hivi za Selsiasi kwa dakika chache zilizoelekezwa na mtengenezaji, kisha mtoto akavivaa akiwa ameketi, kisigino kimegongwa nyuma, kamba zikivutwa kwenda pembeni na siyo juu, maana moto ukiwa bado ndani ya kiatu matundu huweza kung'oka. Hakutembea navyo. Vikalala saa 24 kabla ya kuguswa na barafu. (Tanuri la nyumbani halifai kazi hii. Joto lake halina utulivu, na kiatu kilichoungua hakirudi.) Soli iliyokuwamo ndani ilikuwa ileile ya povu iliyotoka kiwandani.

Baba akauliza kuhusu zile za dola 50. Je, haziwezi kukatwa ziingie namba 3? Mzee akaziweka ubavuni mwa mguu wa mtoto. Tao la soli lilianza mbele mno, na kilele chake kikaangukia mbele ya katikati ya unyayo. Soli hizi hukatwa mbele, kwa ncha, kidogo kidogo kwa kufuata ile ya zamani kama kiolezo. Kisigino hakikatwi kamwe, na tao halihamishiki. Anayenunua namba kubwa ili aje apunguze anabaki na uvimbe wa plastiki mahali pasipostahili. "Aanze bila," mzee akasema. "Akiumwa katika kiatu kinachomtosha, hapo tutazungumza habari za soli." Mtoto hakuumwa, na kwa maoni yangu watoto wengi wangefika hapohapo kama wangeanzia hapo.

Nasimulia haya nikifikiria pia Nairobi. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa mwaka 2005, na humo ndimo ilimoanzia timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Toronto na kampuni ya Tim Hortons wakacheza pamoja na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Katika nchi yenye maduka machache ya vifaa hivi, au pasipo hata moja, kiatu huja kwa kukodi, kwa msaada au ndani ya sanduku la ndugu anayerudi nyumbani, na namba inakuwa bahati. Pale vishawishi vya kujaza nafasi kwa soli, kwa soksi, kwa pamba, ni vikubwa kuliko Winnipeg, kwa kuwa mbadala wenyewe haupo. Ndiyo sababu nasisitiza mambo yasiyohitaji duka: kidole nyuma ya kisigino, penseli juu ya matundu, jicho kwenye makali. Anayetumiwa kiatu na nduguye aliye Kanada amtumie kwanza urefu wa mguu kwa sentimita, uliopimwa kisigino kikigusa ukuta, jioni, baada ya miguu kutembea siku nzima. Namba ya viatu vya dukani Nairobi haitamsaidia. Na timu yenye viatu kumi ibadilishane viatu kati yake kabla ya mtu yeyote kununua soli.

Kuna wanaozihitaji kweli, na baba mwenyewe aligeuka kuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka arobaini na ushee, akaamua kujifunza kuteleza. Alipima mguu, akanunua viatu vinavyomtosha, akavipasha moto, akahakikisha makali yamelingana. Bado baada ya nusu saa unyayo wake wa kulia ulimuuma, na kisigino chake kililala kwa ndani hata akiwa bila viatu, jambo ambalo mtaalamu wa miguu alilithibitisha akitazama alivyosimama. Huyu sasa ni mtu wa soli. Akanunua kwa namba ya mguu, tao la kiasi, ngumu. Akatoa ya zamani akaiweka juu ya mpya, akachora, akakata milimita mbili, akajaribu, akakata tena. Akapima penseli upya, kwa sababu hata soli moja iliyo nene kuliko ya kiwandani huinua mguu. Siku za kwanza alizivaa dakika ishirini tu kisha akazitoa, maana misuli iliyozoea kulala upande mmoja inahitaji muda kuzoea kusimama. Na kila baada ya mchezo huzitoa zote mbili, huzisimamisha karibu na ukuta zikauke, hufuta chuma na vichwa vya ribiti kwa taulo. Sasa anacheza Jumapili saa nne usiku na wazee wenzake, na mwanawe huja kumtazama na kumkosoa namna anavyokunja magoti.